Nazi moja, tui tofauti: kwa nini dawa kali ya maumivu haiwezi kuwa sawa kwa kila aliyepasuliwa

Dada yangu alijifungua kwa upasuaji, na jioni ile ganzi ilipoanza kumtoka nilimkuta ameng'ang'ania chuma cha kitanda, jasho linamtiririka, hataki hata kupakatishwa mtoto. Nesi akaja na sindano kwenye sinia. "Mama, nakuchoma mofini kidogo upate nafuu." Kabla hajajibu, mama wa kitanda cha jirani akamnong'oneza: "Usikubali, mwanangu. Hiyo ndiyo wanayojidunga wale vijana wa maskani." Dada akakataa. Alikesha akihema vipumzi vifupivifupi, maana kila akivuta pumzi ndefu mshono unamchoma. Nesi wa zamu ya usiku alipoitwa alijibu neno tunalolijua wote: "Vumilia."

Simlaumu dada. Habari zinazotufikia zinachanganya. Leo tunasikia fentanili inaua maelfu ya watu Marekani. Kesho jirani anatoka thieta, na kwenye faili lake imeandikwa fentanili ileile. Ukimuuliza daktari anasema ni salama, ukiuliza mtaani wanasema ni unga. Nimekuja kuelewa kwamba pande zote mbili zina ukweli wao, na tafiti nyingi za sasa kuhusu maumivu ya baada ya upasuaji zinahangaika na swali moja: mgonjwa huyu, mwenye mwili huu, apewe dawa gani, kiasi gani, na nani atamwangalia akishapewa?

Tuanze na majina. Afyuni ni utomvu unaotoka kwenye tumba la mpopi likichanjwa. Kiswahili kina jina lake jingine, kasumba, ambalo siku hizi tunalisikia zaidi kwenye siasa. Mwanzoni mwa karne ya 19 mfamasia Mjerumani, Friedrich Sertürner, alikitenga kiini cha afyuni kinacholeta usingizi na kutuliza maumivu, akakipa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki wa kale. Hiyo ndiyo mofini. Dawa zote zinazofanya kazi kwa njia ya mofini zinaitwa opioidi: kodeini, tramado, pethidini, fentanili, methadoni. Heroini nayo imo humo, kwani hutengenezwa kutokana na mofini yenyewe, na ikiingia mwilini hurudi kuwa mofini. Kwa hiyo yule mama wa kitanda cha jirani hakutunga jambo. Ukoo ni mmoja kweli. Kilichompita ni habari ya kipimo, sababu na usimamizi.

Tutenganishe pia vitu vitatu ambavyo wodini vinaitwa "dawa ya maumivu" bila kupambanua. Nusukaputi ni ile inayokuondolea fahamu wakati wa kupasuliwa. Ganzi inaufunga mshipa wa fahamu wa sehemu fulani, nawe ukabaki macho. Opioidi haifanyi lolote kati ya hayo kwa dozi ya kawaida ya wodini. Inapunguza ukali wa maumivu wakati fahamu zako unazo.

Chukulia maumivu kama mtu anayepiga hodi. Kidonda kiko mlangoni, kinagonga. Diklofenaki na ibuprofeni zinampunguzia mgongaji nguvu za mkono. Ganzi inaifunga njia asifike mlangoni. Opioidi inamwendea mwenye nyumba ndani, ikamfanya asikie hodi kwa mbali, tena asishtuke sana. Mgongaji bado yupo, kidonda hakijapona. Ndiyo maana mgonjwa aliyepata mofini wakati mwingine husema maneno ya ajabu: "Maumivu yapo, lakini hayanisumbui."

Hatari nayo inatoka humohumo ndani. Vipokezi vinavyopokea mofini haviko kwenye njia ya maumivu tu. Viko kwenye utumbo, ndiyo sababu choo kinakuwa kigumu. Na viko kwenye shina la ubongo, mahali panapokukumbusha kupumua hata ukiwa umelala. Kwa kawaida hewa chafu ikizidi kwenye damu, sehemu hiyo inashtuka na kuamuru uvute pumzi. Opioidi ikizidi, haishtuki. Mtu hakabwi, hapigani na chochote. Anasinzia, anakoroma, pumzi zinachelewa, kisha zinakoma. Wanaokufa mitaani kwa fentanili wanakufa hivyo. Fentanili ina nguvu mara 50 hadi 100 kuliko mofini, gramu kwa gramu. Kule thieta dawa hii inapimwa kwa mikrogramu, na kichwani kwa mgonjwa anakaa mtaalamu wa usingizi mwenye oksijeni na vifaa vya kumpumulisha. Mtaani hakuna mizani, na mara nyingi hakuna mtu.

Sasa tuingie kwenye sehemu ambayo mimi binafsi ilinishangaza kuliko zote.

Kodeini, ukiimeza kama ilivyo, ni dhaifu mno. Nguvu yake ya kutuliza maumivu inakuja pale ini linapoigeuza sehemu yake kuwa mofini. Mwanamke wa pwani hahitaji maelezo marefu hapa: kodeini ni nazi, mofini ni tui, na katikati lazima pawe na mbuzi ya kukunia. Mbuzi hiyo ni kimeng'enya kilichomo kwenye ini, wataalamu wanakiita CYP2D6. Na watu hatukuzaliwa na mbuzi za aina moja. Wapo wenye mbuzi butu, au ambao hawana kabisa. Hao ukiwapa kodeini wanabaki na maumivu yao, na daktari asiyejua anaweza kudhani wanadeka. Barani Ulaya watu wa namna hiyo wanakadiriwa kuwa kati ya asilimia 5 na 10. Wengi wana mbuzi ya kawaida. Halafu wapo waliorithi nakala za ziada za jeni, yaani maelekezo ya urithi, inayotengeneza kimeng'enya hicho, ni kama jiko lenye mbuzi mbili au tatu zinazokuna kwa pamoja. Nazi ni ileile moja, lakini tui linafurika sufuria kabla hujageuka.

Mfuriko huo umeua watoto. Mwaka 2013 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo lake la ngazi ya juu kabisa: kodeini isitumike kutuliza maumivu ya mtoto aliyetoka kukatwa mafindofindo. Mwaka 2017 ikaongeza kwamba mtoto wa chini ya miaka 12 asipewe kodeini kwa maumivu wala kikohozi, na asipewe tramado kwa maumivu. Tramado nayo hupita kwenye mbuzi hiyohiyo ndipo ipate sehemu kubwa ya nguvu yake. Katika kumbukumbu za mamlaka hiyo tangu mwaka 1969 zilikutwa taarifa 64 za watoto na vijana wa chini ya miaka 18 waliopata shida kubwa ya kupumua baada ya kodeini, na 24 kati yao walifariki. Baadhi walikuwa wamepewa dozi ya kawaida kabisa. Mzazi alifuata maelekezo, mfamasia hakukosea kupima. Mwili wa mtoto ndio uliokuna haraka kuliko vile alivyoutarajia aliyeandika cheti.

Habari hii inatuhusu huku kwetu moja kwa moja. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti wa Eleni Aklillu na wenzake ulioonyesha kuwa asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa walikuwa na nakala za ziada za jeni ya CYP2D6. Karibu mtu mmoja kati ya kila watatu ana mbuzi zaidi ya moja! Mwaka 2015 Ethiopia iliamua kuacha kabisa kutumia kodeini. Shuka kusini kidogo, mambo yanageuka. Utafiti uliofanywa kwa Watanzania na kuchapishwa mwaka 1999 ulikuta uwezo wa kimeng'enya hicho uko chini, na mwaka 2001 ikaelezwa aina moja ya jeni hiyo iliyo ya kawaida kwa Watanzania na inayokuna polepole. Aina nyingine ya polepole ilielezwa na Collen Masimirembwa na wenzake kutoka kwa Wazimbabwe. Kwa hiyo mtu akikwambia "dawa hii inafanya kazi hivi kwa Waafrika", muulize Waafrika wapi. Kutoka Addis Ababa hadi Dar es Salaam si mbali, lakini kidonge kimoja cha kodeini kinaweza kuwa kingi kupita kiasi huku na kidogo kupita kiasi kule. Tena hata ndani ya nyumba moja, watoto wa baba na mama mmoja wanaweza kutofautiana.

Kuangalia rangi ya ngozi hakutoshi, ingawa tofauti zenyewe si za kubuni. Huko Cincinnati, Marekani, Senthilkumar Sadhasivam na wenzake walifuatilia watoto waliokatwa mafindofindo, na mwaka 2012 wakaripoti kwamba watoto weusi walibaki na maumivu zaidi, huku watoto weupe wakipata zaidi madhara ya opioidi. Watoto wote hao walikuwa wakitunzwa kwa utaratibu mmoja. Ukiwapa wote kipimo sawa, unaweza kumwacha mmoja akilia na mwingine ukamweka karibu na hatari.

Je, dawa yake ni kila mtu apimwe vinasaba kabla ya kupasuliwa? Kipimo kipo, na matokeo yake hayabadiliki maisha yako yote. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2021 unaeleza wazi kwamba mwenye mbuzi nyingi na asiye nayo kabisa wote wasipewe kodeini wala tramado, watafutiwe kitu kingine. Chuo Kikuu cha Florida kilijaribu jambo hili kwa wagonjwa waliobadilishiwa nyonga na magoti, na ripoti yake ya mwaka 2021 ilisema waliochaguliwa dawa kwa kufuata jeni zao walitumia opioidi pungufu kidogo, na maumivu yao hayakuzidi ya wenzao. Ni faida ya kweli, lakini si muujiza. Mwongozo uleule unasema jeni nyingine mbili zilizotazamiwa sana, ile ya kipokezi chenyewe cha mofini mojawapo, bado haziwezi kumsaidia daktari kuchagua kipimo. Maumivu hayatawaliwi na jeni moja. Yanaguswa na umri, figo, hofu, usingizi wa jana yake, aina ya mkato, na maumivu uliyokuwa nayo kabla hujaingia thieta.

Nami nasema hivi: hospitali isiyo na uwezo wa kupima vinasaba haijanyimwa njia ya kumhudumia kila mgonjwa kwa namna yake. Mofini yenyewe haihitaji ile mbuzi, ni tui tayari. Inatolewa kama mpishi anavyotia chumvi: weka kidogo, ngoja, onja, ongeza. Nesi anachoma kiasi kidogo kwenye mshipa, anasubiri dakika chache, anauliza: "Kutoka sifuri hadi kumi, sasa hivi maumivu ni ngapi? Unaweza kukohoa?" Anarudia mpaka mgonjwa aweze kukohoa na kujigeuza. Mzee wa miaka 75 atatosheka na kidogo kuliko kijana. Mwenye figo mbovu atapunguziwa au kubadilishiwa dawa, kwa sababu mofini ikivunjwa na ini huacha mabaki yenye nguvu ambayo figo ndizo zinazoyatoa.

Zipo pia mashine ambazo mgonjwa mwenyewe anabonyeza kitufe zikamwingizia kiasi kidogo, kisha zinajifunga kwa dakika kadhaa. Usalama wake ni jambo rahisi sana: mtu akisinzia hawezi kubonyeza. Ndugu wanaomhurumia wakikaa pembeni na kumbonyezea akiwa amelala, ulinzi wote umekwisha.

Hatua kubwa zaidi imekuwa kutumia opioidi kidogo kwa kuizungushia dawa nyingine: parasetamo kwa saa maalumu bila kungoja maumivu yapande, diklofenaki kwa mwenye tumbo na figo nzuri, ganzi kwenye mishipa ya tumbo au mguu. Kwa mama anayejifungua kwa upasuaji wa ganzi ya mgongo, mofini ya sehemu ya kumi tu ya miligramu ikichanganywa kwenye ganzi ileile inaweza kumpunguzia maumivu hadi siku nzima. Linganisha na miligramu 10 za sindano moja ya kawaida. Anaweza kuwashwa mwili, naye bado anahitaji kuangaliwa kupumua. Marekani imeruhusu pia, Januari 2025, dawa mpya isiyo opioidi iitwayo suzetrijini, inayozuia hodi njiani kabla haijafika ubongoni. Katika majaribio ya upasuaji wa tumbo na wa mguu iliishinda dawa ya mfano isiyo na nguvu yoyote, ila haikuushinda mchanganyiko wa opioidi na parasetamo. Tuipokee kama nyongeza, si kama mrithi wa mofini.

Kuhusu kuangalia kupumua, naomba msomaji anivumilie kidogo, maana hapa ndipo watu wanapokosea kwa nia njema. Tunadhani mgonjwa anayelala fofofo baada ya sindano ametulia. Utafiti uitwao PRODIGY, uliochapishwa mwaka 2020, uliwafungia wagonjwa 1,335 wa wodi za kawaida Marekani, Ulaya na Asia mashine za kufuatilia pumzi muda wote. Asilimia 46 walipata angalau kipindi kimoja cha kupumua kwa kupungukiwa. Waliokuwa hatarini zaidi ni wenye miaka 60 na kuendelea, wanaume, ambao hawajazoea opioidi, wanaokatikiwa pumzi usingizini, na wenye moyo ulioshindwa. Angalia, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji maabara. Ni maswali ya kuulizwa kitandani.

Kile kidude cha kubana kidoleni kupima oksijeni kinasaidia, lakini mgonjwa akiwa na oksijeni puani kinaweza kusoma 98 huku hewa chafu inajaa kwenye damu. Ndiyo maana nampenda nesi anayefanya alivyofanya yule wa asubuhi kwa dada yangu, alipokubali hatimaye kuchomwa. Alikaa kitandani, akaweka kiganja juu ya kanga kifuani mwake, akaitazama saa yake ya mkononi dakika nzima bila kusema neno. Akaandika 16. Baada ya nusu saa akarudi, akaandika 14. Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ingeshuka chini ya 10, au angekuwa mgumu kuamka, dozi inayofuata isingetolewa na daktari angeitwa. Ipo dawa ya kuondoa nguvu ya opioidi, naloksoni, inayofanya kazi ndani ya dakika chache. Shida yake inaisha mapema kuliko mofini, kwa hiyo aliyezinduka asiachwe peke yake.

Saa mbili baadaye dada alikuwa amekaa, ananyonyesha.

Tumjibu sasa yule mama wa jirani. Je, mtu atakuwa teja kwa sindano za siku mbili? Mambo mawili yanachanganywa. Mwili ukipewa opioidi kwa muda unazoea, na ikikatwa ghafla unapata arosto, yaani mateso ya kuikosa. Huo si uraibu bado. Hata mgonjwa wa saratani anayetumia mofini kwa miezi atazoea, ndiyo maana hupunguziwa taratibu. Uraibu ni pale mtu anapoisaka dawa na kushindwa kuiacha ingawa inamharibia maisha. Sindano chache zinazosimamiwa wodini kwa maumivu halisi hazimfikishi mtu mahali hapo kirahisi.

Hatari inaongezeka nyumbani, kwenye vidonge vinavyobaki. Mwaka 2017 utafiti wa Chad Brummett na wenzake kwa Wamarekani ambao hawakuwa wakitumia opioidi kabla ya upasuaji ulikuta karibu asilimia 6 bado wanachukua cheti cha opioidi zaidi ya miezi mitatu baadaye, na upasuaji mdogo haukutofautiana na mkubwa. Huko Michigan waliwafuatilia watu zaidi ya 2,000: mgonjwa wa kawaida aliandikiwa vidonge 30, akameza 9. Tena kadiri walivyoandikiwa vingi, ndivyo walivyomeza vingi, kana kwamba idadi kwenye pakiti ndiyo amri. Uchambuzi wa tafiti 47 uliotoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2022 haukuona kwamba kuwapa opioidi wagonjwa wanaorudi nyumbani kunawapunguzia maumivu kuliko dawa za kawaida, hasa kwa upasuaji mdogo na wa kati.

Ila somo la Marekani tusilibebe zima zima. Wao walifurika, sisi tumekauka. Tume ya Lancet iliripoti mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za opioidi zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zinapata tani 0.1. Uganda imeonyesha njia ya katikati: inatengeneza mofini ya maji, inayonywewa, na tangu mwaka 2004 manesi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, nako, tangu mwaka 2011, methadoni, opioidi kama nyingine, inatolewa kila siku kuwasaidia watu kuachana na heroini. Ukoo uleule, lakini kikombe kimepimwa na mtoaji anakuona ukinywa.

Ukienda kupasuliwa, mwambie mtaalamu wa usingizi mambo haya hata asipokuuliza: kama unakoroma na kukatikiwa pumzi usiku, kama figo au ini lina shida, kama unakunywa pombe au dawa za usingizi, na kama dawa ya kikohozi au tramado iliwahi kukulevya kupita kiasi au kutokufanya chochote. Maumivu yakikuzuia kukohoa, sema. Pumzi za juujuu zinakaribisha nimonia. Vidonge vyako usimpe jirani, kwa sababu hujui yeye ana mbuzi ngapi. Vikibaki, virudishe famasi ya hospitali.

Na wewe unayemuuguza, mgonjwa aliyepewa opioidi akikoroma kwa sauti isiyo yake, usimfunike shuka ukaondoka. Mwite jina, mtikise bega, hesabu pumzi zake dakika nzima. Asipoamka vizuri, asimezeshwe kitu kingine chochote. Mlaze ubavu na uite msaada papo hapo, hata kama ni saa tisa usiku na nesi ameshakwambia mara mbili kwamba amelala tu.